Lenzi ilifunga, majahazi hayakutoka: uchambuzi wa kisa cha kamera ya urithi

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenye vifaa. Jina lake, mji wake na ukoo uliopigwa picha nimeviondoa. Yeye nitamwita Binti, kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki yangu na hadi leo ananiita Ami. Vipimo sikuvigusa, maana somo lote limo humo.

Usuli

Mimi ni fundi wa kamera za filamu, nina meza yangu Dar es Salaam. Marehemu baba yake Binti alikuwa mwalimu wa sekondari visiwani, na jioni na sikukuu alikuwa mpiga picha. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Zenit-3M ya Kirusi aliyouziwa na mwalimu mwenzake. Baadaye alipelekwa masomoni Ujerumani Mashariki, akarudi na Praktica MTL 3 iliyotengenezwa Dresden. Kwa visiwani hilo si jambo la ajabu. Tangu 1964, Zanzibar ilipoitambua Ujerumani Mashariki, wanafunzi walikwenda na wataalamu wakaja. Majumba ya Kikwajuni na Michenzani kila mtu anayajua. Kamera zilizoingia kwa njia hiyo hiyo zimo makabatini, zimeviringishwa kwenye kanga, na nyingi bado nzima.

Mzee alipofariki, mfuko wa kamera ulimfikia Binti, ambaye tayari alikuwa anaishi kwa kupiga harusi kwa kamera ya dijitali. Zenit ilikuwa imekwisha: mapazia ya shata yake, yale yanayofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu, ni ya kitambaa, na unyevu wa pwani ulikuwa umeyatoboa. Praktica, yenye shata ya chuma, ilikuwa inalia vizuri kwa kasi zote. Lenzi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Pentacon ya milimita 50, f/1.8, iliyokuja pamoja na Praktica. Ya pili ni Jupiter-9 ya milimita 85, f/2, iliyokuwa ya Zenit. Ya tatu ni lenzi ya Kijapani ya milimita 400, ndefu kama mchi wa kinu.

Jupiter-9 ndiyo iliyomteka, na simlaumu. Ni lenzi ya sura za watu. Apecha yake, yaani tundu la kupitisha mwanga, hufungwa na vipande 15 vya chuma, kwa hiyo hata ukiibana, tundu hubaki duara, na taa za nyuma ya mtu hutoka kama shanga. Baba yake aliitumia kupiga picha za nyuso ambazo hadi leo zimetundikwa sebuleni kwa watu.

Wakati huo huo Binti alikuwa amepata kazi. Familia moja ilitaka babu yao, nahodha mstaafu, apigwe picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, ufukweni, jioni. Walitaka picha za uso wake, na walitaka pia majahazi yakitoka na pepo za jioni, madogo kwenye upeo wa macho. Hilo la pili ndilo lililozaa kisa hiki.

Yaliyotokea

Lilianza na ujumbe wa sauti. "Shikamoo Ami. Ile lenzi nene ya baba haishiki kwenye Praktica, inapwaya, inaingia na kutoka bila kuzungushwa."

Nilijua papo hapo. Uzi wa lenzi za Zenit za zamani una kipenyo cha milimita 39, na mlango wa Praktica, yaani tundu la kufungia lenzi, una milimita 42. Nikamjibu nikiwa bado na bisbisi mkononi: "Marahaba mwanangu. Hiyo ni M39. Tafuta ringi ya M39 kwenda M42, ifunge, piga kazi." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Sikuuliza chochote, na sikumwambia kwamba ringi hizo, za kuunganisha uzi mmoja na mwingine, ziko za aina mbili.

Akaiagiza mtandaoni. Wakati anaisubiri akajaribu ile lenzi ndefu, ambayo nyuma yake ilikuwa na uzi wa milimita 42 kabisa. Aliupima kwa rula. Ikaingia, ikazunguka mzunguko mmoja na kidogo, ikakaza. Akadhani ni vumbi la miaka, akaongeza nguvu. Ikakwama, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Binamu yake akaishika kwa kipande cha mpira wa tairi, wakaivuta kinyume hadi ikatoka na unga wa alumini. Uzi wa lenzi ulikuwa umelika. Na mlangoni mwa kamera, kwenye mstari wa kwanza wa uzi, kikabaki kinundu kidogo ambacho kidole hukihisi kabla jicho halijakiona. Hili hakuniambia mpaka baadaye.

Ringi ilipofika, Jupiter ikafunga. Ikasimama imara, haitikisiki. Siku ya kazi aliweka mkanda mmoja wa HP5, filamu nyeusi na nyeupe ya kasi ya 400, wa picha 36. Picha 24 alizipiga kwa Jupiter, na 12 za mwisho, mwanga ulipokuwa unaondoka, alizipiga kwa Pentacon kwa sababu, kama alivyoniambia, "moyo ulikataa kuamini lenzi moja."

Mkanda ukaja kwangu kwa boti, nikausafisha usiku huo huo. Nyuso za nahodha zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Ukiweka kioo cha kukuzia ungeweza kuhesabu nyusi, na mikunjo ya pembeni ya jicho ilikuwa imekatwa kama kwa wembe. Majahazi yaliyopigwa kwa Jupiter yalikuwa pamba iliyolowa. Hakuna hata moja lililokuwa na mlingoti. Picha 12 za Pentacon zilikuwa na milingoti, kamba na hata mtu aliyesimama tezini.

Kutafuta ugonjwa

Nilimpigia simu. Akakumbuka kwamba kwenye kioo cha kuangalizia milingoti ilikuwa inakatika-katika ndani ya duara la katikati, lile la kulengea, na haikutulia hata alipofika mwisho wa kuzungusha. Alidhani kioo kimezeeka. Akaitazama lenzi, akaona imesimama kwenye ile alama ya nane iliyolala, maana yake mbali kabisa, akaiamini alama.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yanayofuata hayana maana. Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka uso wa mlango hadi kwenye filamu. Nauita kina. Lenzi hutengenezwa kwa kina fulani. Ikikaa mbele zaidi ya hapo, hata kwa unene wa kucha, haiwezi tena kuona mbali. Inabaki na macho ya karibu tu. Kina cha M42 ni milimita 45.46. Kina cha M39 ya Zenit ni milimita 45.2. Lakini iko M39 nyingine, ya Leica na ndugu zake wa Kirusi, Zorki na FED, ambayo kina chake ni milimita 28.8. Nyuzi hizo mbili za milimita 39 hushikana vizuri tu, na Jupiter-9 ilitengenezwa kwa zote mbili.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: kwamba mzee alikuwa na lenzi ya Zorki. Filamu yenyewe ikaniondoa hofu. Lenzi ya Zorki kwenye Praktica ingekaa karibu milimita 17 mbele ya mahali pake, na isingeona kitu kilicho zaidi ya nusu mita hivi. Nahodha alikuwa amesimama umbali wa mita 2 na nyusi zake zinahesabika. Basi lenzi ni ya Zenit, na kosa ni dogo.

Hesabu ya kujua kosa ni dogo kiasi gani ningependa kila mwenye lenzi za zamani aijue kama anavyojua bei ya filamu. Chukua urefu wa fokasi ya lenzi kwa milimita (ile 50 au 85 ya jina lake), uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa umbali wa kitu cha mwisho ambacho lenzi inakiona kwa ukali, nao kwa milimita. Jibu ni kiasi ambacho lenzi imekaa mbele kupita inavyotakiwa. Kwa lenzi ya 85, juu ya hesabu daima inakaa 7,225.

Binti alikuja na mfuko Jumamosi. Kabla ya kugusa Jupiter niliipima kamera kwa Pentacon, kwa sababu sikutaka kumtibu mgonjwa asiye mgonjwa. Nilifungua mgongo wa kamera, nikaifungia waya wa shata ulio na kufuli, nikaweka shata kwenye B ili ibaki wazi, na juu ya reli za ndani, zile ambazo filamu huzilalia, nikabandika selotepu ya rangi ya maziwa, imevutwa ikawa kama ngozi ya ngoma. Watu wengi hukosea hapa wakaibandika juu ya reli za nje, na kipimo chote kinakuwa uongo. Selotepu hiyo ndiyo inasimama badala ya filamu. Nikaelekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio mbali sana. Pentacon ikiwa kwenye alama ya mwisho, vyuma vya mnara vilionekana vyembamba na vikali kwenye selotepu. Kamera haina kosa.

Tukatoka na Jupiter hadi kwenye ukuta mrefu, apecha wazi f/2, futikamba chini. Nilimpa Binti ashike karatasi yenye herufi kubwa arudi nyuma taratibu, mimi nikiangalia selotepu kupitia lenzi nyingine niliyoigeuza iwe kioo cha kukuzia. Lenzi ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Herufi zilizidi kuwa kali hadi alipofika mita 5 na nusu. Mita moja zaidi, zikaanza kuvimba.

7,225 gawa kwa 5,500: milimita 1.3.

Nikaichukua ringi. Ilikuwa na mdomo, yaani ukingo uliotokeza unaokaa kati ya lenzi na uso wa kamera. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, ikasema mdomo huo una milimita 1. Milimita 0.3 iliyobaki ni ile tofauti ya 45.46 na 45.2, ambayo haina ringi ya kuiondoa, kwa kuwa hata ringi iwe nyembamba kama hewa, lenzi itagota kwenye uso wa Praktica.

Uamuzi

Nilimweleza kwamba mdomo lazima uondoke. Hapo hapakuwa na mjadala. Mezani kwangu nilikuwa na ringi isiyo na mdomo, ambayo huzama yote ndani ya mlango. Tukaibadilisha na kupima tena kwenye ukuta, kisha ufukweni ambako mashua zilikuwa zimefungwa kwa mstari. Sasa ukali ulifika karibu mita 27. Gawa: 0.27.

Kwa picha za watu, hapo tungeweza kusimama. Hata majahazi yangetoka kama angefunga apecha hadi f/8, kwa sababu kwa lenzi ya 85 ikilenga mita 27 kwenye f/8, ukali unaokubalika kwa macho hufika mamia ya mita. Nilimweleza hilo kwanza, maana fundi asiyetaja njia isiyo na gharama anaiba. Binti akafikiri, akasema: "Ami, majahazi hutoka magharibi jua likizama. Nikifunga f/8 kwa filamu ya 400 nitapiga kwa kasi gani? Yatatikisika." Alikuwa sahihi. Kazi yake ilihitaji apecha wazi, na apecha wazi ilihitaji ile robo milimita.

Njia ya kuipata ilikuwa ndani ya lenzi. Kiini cha vioo vya Jupiter-9 kinakaa ndani ya pipa la kulengea juu ya washa, yaani pete bapa nyembamba, ambayo kiwandani iliwekwa ili kuipatanisha lenzi na kamera. Ukiipunguza, vioo vyote vinarudi nyuma kwa kiasi hicho hicho. Fundi mwenzangu niliyemuuliza alishauri niisage washa yenyewe kwa msasa. Ni kazi ya dakika kumi. Nilikataa. Washa iliyosagwa hairudi, na lenzi hii ni ya marehemu. Ikiwa siku moja Zenit nyingine itapatikana, lenzi irudi kwenye kamera yake ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo tukaamua kuitoa washa nzima, kuihifadhi, na kutengeneza nyingine.

Kazi mezani

Washa ya kiwandani ilipima milimita 0.52. Nilihitaji iliyobaki na 0.25. Bati la ubavu wa kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1, na vipande viwili vinafanya 0.2. Hiyo ingeirudisha lenzi nyuma kwa 0.32, yaani 0.05 kupita inavyotakiwa. Upande huo ndio niliutaka. Lenzi inayopita mbali kidogo kabla ya kugota hukuachia nafasi ya kulenga kwa jicho. Inayofupika hata kidogo haina dawa ukiwa ufukweni.

Nilichora duara kwa bikari kwenye bati lililofunguliwa na kunyooshwa, nikakata kwa mkasi wa kucha uliopinda, kisha nikalibana kati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha ili kingo zilale. Kingo ndizo adui katika kazi hii. Nundu moja ya bati isiyoonekana inaweza kuinua upande mmoja wa vioo, na picha ikawa kali kushoto na laini kulia. Nilipitisha ukucha kuzunguka kila pete mara mbili, na pete moja niliitupa.

Kabla ya kufunga chochote nilishughulikia ule uzi wa mlango, maana ringi ilikuwa inaingia kwa kukwaruza na hapo ndipo Binti aliponisimulia habari ya lenzi ndefu. Nilipachika karatasi laini mbele ya kioo cha ndani, nikaining'iniza kamera uso chini ili unga wowote uanguke nje badala ya kuingia kwenye shata, na kwa ringi moja kuukuu ya chuma yenye uzi wa M42 na tone moja la mafuta nikapita juu ya kinundu, robo mzunguko mbele, robo nyuma, hadi kikalala. Mafuta yote nikayafuta kwa kijiti kilichofungwa pamba. Nilitumia muda mwingi hapo kuliko kwenye washa.

Matokeo

Kwenye selotepu mnara wa simu ulitoka mkali, kabla kidogo ya lenzi kugota. Tulipima pembe zote nne, zilikuwa sawa. Binti alipiga mkanda wa majaribio wa picha 12 bandarini kabla ya kuondoka, nikausafisha akiwa bado kwa ndugu zake mjini. Mwanga tuliupima kwa kitufe cha Praktica: Jupiter haina pini ya kufunga apecha yenyewe, unaifunga kwa mkono, kisha unabonyeza kitufe na kusoma mshale. Haina tatizo, ila lazima uzoee kulenga kwanza apecha ikiwa wazi.

Familia iliambiwa ukweli. Walipokea picha 9 za nyuso na 4 za Pentacon bila malipo ya ziada, na nahodha akakubali kusimama tena. Safari ya pili Binti alipiga majahazi matatu kwa f/2.8, jua likiwa limegusa maji. Kwenye picha ninayoipenda, jahazi la mbele liko mbali kiasi kwamba ni dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo kwenye karatasi ya 20 kwa 25, na kamba ya foromali inaonekana.

Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki lilikuwa langu, na lilifanyika kabla Binti hajashika ringi. Nilitambua uzi nikadhani nimetambua lenzi. Kipenyo kinakuambia kama lenzi itaingia; hakikuambii itakaa wapi. Maswali mawili yangetosha: lenzi ilikuwa ya kamera gani, na ringi ina mdomo au haina. Tangu hapo sijibu tena swali la ringi kwa sauti. Naomba picha tatu: nyuma ya lenzi, ubavu wa lenzi, na uso wa kamera. Ubavu ndio unaofichua lenzi za Zorki, kwa sababu pipa lao ni refu zaidi kwa nyuma na ndani lina pete laini inayosogea kwa ajili ya kipimo cha umbali, pete ambayo kamera ya kioo, kama Praktica, haina kazi nayo.

Binti naye aliona dalili akaipuuza. Milingoti ilikatika-katika kwenye duara la katikati na lenzi imefika mwisho. Kamera ya kioo haina njia ya kukudanganya kuhusu hilo. Inakuonyesha kile kile ambacho lenzi inaleta. Alama iliyochorwa kwenye lenzi ni ahadi ya kiwanda kwa kamera ya zamani, na kamera ilishabadilika. Alichofanya vizuri, na ndicho kilichookoa kazi, ni kubadilisha lenzi katikati ya mkanda. Zile picha 12 za Pentacon ziliipa familia kitu cha kushika, na zilinipa mimi ushahidi kwamba kamera ni nzima kabla sijaigusa.

Kupima kwa selotepu na futikamba kulifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Mita 5 na nusu ilinipa 1.3, mdomo na tofauti ya kina vilinipa 1.26. Mita 27 ilinipa 0.27 mahali ambapo vitabu vya vipimo vingesema 0.26. Kwa vifaa vya duka la mtaani, hiyo ni heshima kubwa. Na ni hesabu ile ile itakayokuonya kabla ya kununua. Rafiki yake Binti alitaka kuifunga Pentacon kwenye Nikon yake ya filamu. Kina cha Nikon ni milimita 46.5, yaani 1.04 zaidi ya M42. Kwa lenzi ya 50 juu inakaa 2,500. Gawa kwa 1.04, unapata karibu mita 2.4. Atapiga picha za watu waliokaa sebuleni na hatapiga kitu kingine, isipokuwa anunue ringi yenye kioo ndani, ambacho nacho hupunguza ukali. Alipokwenda kwa mwenye Pentax ya mlango wa K mambo yakawa kinyume: kina ni kile kile cha 45.46, kwa makusudi, ili wenye lenzi za zamani wasiachwe 1975 Pentax ilipohama kutoka kwenye uzi. Hapo ringi sahihi huzama ndani na lenzi inaona hadi mwisho.

Lenzi ndefu inahitaji maelezo yake, kwa kuwa nimeona kamera tatu zilizoumizwa kwa njia ile ile. Uzi wake una kipenyo cha milimita 42 kama wa Praktica, lakini hatua kati ya mstari na mstari ni milimita 0.75, na ya Praktica ni milimita 1. Mzunguko wa kwanza unakubali kwa sababu kosa bado ni robo milimita. Wa pili unakula uzi. Huo ni uzi wa T, ulioanzishwa na watu wa Tamron 1957, na wazo lake lilikuwa zuri: lenzi ikae mbali, milimita 55 kutoka kwenye filamu, mbali kuliko kina cha kamera yoyote ya kawaida, halafu kila kamera ipate ringi yake ya kujaza pengo. Kwa M42 ringi hiyo inajaza milimita 9.54. Mdomo ambao kwenye ringi ya Jupiter ulikuwa ugonjwa, kwenye ringi ya T ndio dawa. Baadaye Tamron wakaenda mbele zaidi na Adaptall, 1976, na Adaptall-2, 1979, ambazo ringi zake hubeba pia vyuma vya kuifunga apecha kutoka kwenye kamera. Mtu anayeanza leo na ana kamera mbili za milango tofauti, lenzi za aina hiyo ndizo ninazomshauri kwanza, kabla hajaanza kukusanya ringi za M39.

Jambo moja bado sijaridhika nalo. Bati la kopo ni laini, na joto la huku likipanda na kushuka linaweza kulegea. Nimemwambia Binti alete lenzi baada ya mwaka tuipime tena kwenye mnara ule ule. Washa ya kiwandani iko ndani ya bahasha ndogo, imeandikwa "0.52, ya Zenit, isitupwe", na bahasha imeshonwa ndani ya mfuko wa kamera wa baba yake. Lenzi ya 400 imepata ringi yake ya T. Mstari wa kwanza wa uzi wake umekufa, lakini kuanzia wa pili inashika, na kwa uzito wake nimemfundisha kubeba kwa mkono ulio chini ya lenzi, kamera ikining'inia nyuma yake.